Minazi Tisa na Mtihani wa Kurudia

Mwenye ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi alikuwa na tabia ya kulamba kidole gumba kabla ya kufunua ukurasa. Hakufunua ili asome. Alifunua ili apate mahali pa kupiga muhuri. Alilamba, akafunua, akapiga. Akalamba tena, akafunua, akapiga, na ilipofika saa nne asubuhi pembe za karatasi zote mezani pake zilikuwa zimelowa na kujikunja. Mimi ndiye niliyezitoa pale nikazipeleka kwa wenyewe, waliokuwa wakingoja kwenye benchi la nje. Nilijifunza kuzishika katikati kwa ncha za vidole, kama mtu anayetoa panya aliyekufa darini. Kisha nilikwenda kunawa. Kisha nilijiuliza kama nimenawa vya kutosha, nikarudi kunawa tena.

Ofisi ilikuwa Kwale mjini, ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo. Harufu ya dawa ya kupe ilipanda ngazi pamoja na wateja: wafugaji wa Kinango waliopoteza vitambulisho, akina mama ambao jina la kwenye cheti halikulingana na jina la kwenye kitambulisho, watu wa pwani wenye mambo ya mashamba. Yeye alikuwa wakili na kamishna wa viapo. Mimi nilikuwa na shahada ya sheria na sikuwa chochote. Niliandika viapo kwenye kompyuta, yeye akapiga muhuri uliosema kwamba mtu fulani ameapa mbele yake. Aghalabu mtu huyo alikuwa bado yuko nje anakula njugu.

Kwa wasiojua: shahada haitoshi kumfanya mtu wakili. Lazima aingie chuo cha mawakili Nairobi, na mimi alama yangu ya Kiingereza ya kidato cha nne ilikuwa ndogo, kwa hiyo nilitakiwa kwanza kufanya mtihani wa kuingia. Niliufanya. Nilianguka karatasi moja kwa alama tatu. Wiki ninayoisimulia ndiyo iliyokuwa wiki ya mwisho ya kujiandikisha kuurudia. Mlango ungefungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Nilikuwa na siku tano za kuamua, na mimi ni mtu anayeweza kusimama mbele ya rafu ya dawa za meno kwa robo saa.

Nilianguka kwa namna ninayoona haya kuieleza. Swali la nne nililijibu sawasawa. Nikalisoma jibu langu nikaliona fupi. Nikawaza: haiwezekani watu wamsafirishe binadamu kutoka Msambweni hadi Nairobi kumwuliza jambo linalojibika kwa mistari sita. Lazima pana mtego. Nikalikata lile jibu kwa mistari miwili, nikaandika jingine la kurasa mbili na nusu, lenye "hata hivyo" saba. Nakumbuka idadi kwa sababu nilizihesabu, wakati wenzangu wakikusanya karatasi zao. Swali la mwisho sikuligusa.

Na kila nilipofikiria kurudia, si maswali yaliyonijia kwanza. Ilinijia bafu ya ile nyumba ya kulala wageni niliyofikia, nywele za watu zilizoziba tundu la maji, maji ya jana yakinifika vifundoni. Ulinijia ukumbi wa mtihani, na kijana wa mbele yangu aliyekuwa akimenya mayai ya kuchemsha kabla ya kengele na kuyatupa maganda sakafuni, harufu ikabaki pale saa tatu nzima. Nilijinusa na mimi mwenyewe: jasho baridi, lile la woga, ambalo sabuni hailitoi. Niliyaona yale maandishi yangu, marefu, yenye kujipendekeza. Nilipoyakumbuka nilitema mate, kama mtu aliyeuma kipande cha samaki aliyeoza.

Mama alikuwa na maoni yake. Yeye hukaanga mihogo kando ya barabara kuu Msambweni, na kila mteja wake alikwisha kuambiwa kwamba mwanawe ni wakili.

"Alama tatu?" alisema Jumapili ile kabla sijapanda Kwale kwenda kazini. "Hata muuza samaki huongezea dagaa watatu bila kuombwa. Hao watu wana roho gani?"

"Mama, si hisani. Ni mtihani."

"Basi urudie."

"Na nikianguka tena?"

"Utakuwa umeanguka mara mbili. Kwani ulipoanguka mara ya kwanza alikuja kukutazama nani?"

Palepale akapita bwana mmoja jirani, akaagiza mihogo, akaniamkia: "Wakili, hujambo?" Mama akanitazama aone kama nitamkosoa. Sikumkosoa. Nikasema sijambo. Nilichukia jinsi nilivyosema sijambo, ile sauti nzito kidogo niliyoitoa, kama sauti ya wakili.

Jumatatu na Jumanne nilikuwa nikiufungua ule ukurasa wa kujiandikisha kwenye simu na kuufunga. Mwenzangu wa mapokezi, dada aliyetoka bara akaja Ukunda kwa kazi ya hoteli kabla ya kuishia ofisini kwetu, alinichoka.

"Aki wewe unajistress bure," alisema. "Enda tu ufanye hiyo pepa. Ukipita, umepita. Ukianguka, si tuko?"

"Sijui kama naitaka hii kazi yenyewe."

"Nani anataka kazi? Watu wanataka mshahara." Akaashiria kwa kidevu mlango wa mkubwa, ambako kulisikika muhuri, pa, pa, pa. "Ona huyo. Unadhani anaipenda?"

Hilo ndilo lililokuwa likinikera. Nilikuwa nikimwona kila siku mtu aliyeupita mtihani wangu, akaupita na uliofuata, akavaa joho, akaapishwa, na mwisho wa safari hiyo yote ulikuwa kidole kilicholambwa.

Jumanne mchana alikuja mwanamume mmoja wa makamo, nadhifu, shati limepigwa pasi. Shangazi yake alikuwa na shamba Gazi alilorithi kwa babake, na alikuwa amepatikana mnunuzi wa Diani aliyetaka kujenga. Mnunuzi alitaka kiapo cha shangazi kwamba shamba ni lake peke yake na halina mdai. Mpwa huyo alinisomea maelezo kwenye karatasi, mimi nikafungua kiapo cha zamani kwenye kompyuta, nikabadilisha majina na mipaka, sentensi nyingine nikaziacha zilivyo. Ndivyo tulivyofanya siku zote. Asubuhi ya Jumatano kiapo hicho kilikuwa katika rundo la mkubwa, na kabla ya saa tatu kilikwisha kupigwa muhuri. Kilichobaki ni kidole cha mwenyewe.

Mwenyewe alifika saa tano na mpwa wake. Alikuwa bibi mwembamba, leso mbili mpya, ndala zilizosuguliwa zikawa nyeupe.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo."

Mpwa akasema, "Shangazi, huyu ndiye wakili aliyetuandikia." Sikumkosoa na yeye.

Nikaweka karatasi mbele yake, nikafungua pedi ya wino. "Weka kidole gumba hapa, nyanya."

"Kwanza naomba maji."

Nikaleta bilauri. Akacheka. "Si ya kunywa. Udhu umenitoka njiani. Naenda kuapa, sitaapa hivihivi."

"Shangazi, ni karatasi tu," mpwa alisema.

"Karatasi yasema naapa, au haisemi?"

Alinitazama mimi. "Yasema," nikajibu.

"Haya. Maji."

Katika miezi minane niliyokaa pale sikuwahi kuona mtu akifanya hivyo. Watu walikuja, wakaweka kidole, wakafuta wino kwenye ukuta wa ngazi, wakaenda. Choo cha ofisi kilikuwa cha kumfukuza mtu mwenye udhu na asiye nao, kwa hiyo nilichukua kopo nikamshukisha hadi kwenye bomba la nyuma. Nikamtilia maji, akatawadha polepole, akajipangusa uso kwa ncha ya leso. Miguu aliisugua hadi kati ya vidole. Nilisimama na kopo langu nikijisikia mchafu, na sikujua hasa uchafu uko wapi.

Tuliporudi juu aliuliza, "Nani ananiapisha?"

Hapo ndipo ilipobidi nimwingize kwa mkubwa. Alikuwa akila mahamri. Akajipangusa mkono kwenye suruali, akaichukua karatasi, akalamba kidole, akafunua ukurasa wa mwisho.

"Mama, wewe umeshaapishwa. Huu hapa muhuri. Imeapwa mbele yangu."

"Mbele yako saa ngapi? Mimi nimefika sasa hivi."

Nje nikamsikia mwenzangu akizuia kicheko.

"Ni utaratibu, mama. Weka kidole tu."

Bibi alikuwa hasikilizi tena. Alikuwa anatazama kile kidole, kilichokuwa kimerudi mdomoni na kutoka. "Karatasi hiyo ndiyo nitakayoishika mimi?"

"Mate si najisi, shangazi," mpwa alisema kwa sauti ya chini.

"Nani kataja najisi? Mimi nimesema mate." Akakaa. "Nisomeeni basi. Nijue naapa nini."

Mkubwa akanisukumia karatasi. "Karani, msomee."

Kiapo kilikuwa kwa Kiingereza. Nikawa namfasiria aya baada ya aya. Jina lake, sawa. Amerithi kwa babake, sawa. Mipaka, alitikisa kichwa, sawa. Nikafika aya ya tano: "Kwamba ardhi hiyo, pamoja na vyote vilivyo juu yake, ni mali yangu peke yangu, na hakuna mtu mwingine yeyote mwenye haki ndani yake."

"Ngoja hapo. Na minazi?"

Mpwa akavuta pumzi.

"Minazi gani, nyanya?" niliuliza, ingawa nilikwisha kuelewa.

"Mna minazi tisa upande wa bondeni si yangu. Babake jirani yangu aliomba kwa baba yangu akapanda. Yeye amekufa, minazi ni ya bintiye. Anaangua mwenyewe, makuti anakata mwenyewe. Mimi hata dafu siangui pale bila kumwambia. Nitaapaje kuwa yangu?"

Ningependa kusema kwamba sikujua. Lakini mimi ni mtoto wa Msambweni. Nyanya yangu mimi alikuwa na minazi minne katika shamba la watu, na tulikuwa tukienda kuangua mchana kweupe, mwenye shamba akitupisha na kutusalimu. Kila mtu huku anajua kwamba udongo unaweza kuwa wa huyu na mti ukawa wa yule. Ni jambo ambalo nililijua kabla ya kujua kusoma. Nilikaa miaka minne chuo kikuu, nikarudi, na jambo la kwanza nililofanya ni kuinakili sentensi iliyoyafuta yote hayo, bila hata kuisoma. Mtu aliyelikata jibu sahihi kwa sababu ya kufikiri kupita kiasi, siku ya kufikiri hakufikiri kabisa.

"Minazi yenyewe imezeeka, shangazi," mpwa alisema.

"Imezeeka ikawa yako?"

Mkubwa akaweka hamri lake chini. "Mama, kisheria mti ni sehemu ya ardhi. Ukiuza ardhi, umeuza na mti."

"Kisheria ya nani?"

"Ya Kenya."

"Basi Kenya na ije ikwee iangue."

Safari hii mwenzangu wa mapokezi hakujizuia. Mkubwa alikunja uso. Bibi akanigeukia mimi, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua tu.

"Ni wewe uliyeandika haya?"

"Ni mimi."

"Nawe ni wakili?"

Wote walikuwa wakinitazama. "La, nyanya. Nilianguka mtihani."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema mbele ya watu wasionihusu. Nilitarajia pole.

"Kumbe," akasema. "Ndiyo maana."

Akainuka, akafunga leso yake, akasema ataweka kidole siku karatasi itakaposema kweli. Akashuka ngazi. Niliyasikia maneno yale mawili mchana kutwa. Niliandika kiapo kipya, nikatenga minazi tisa katika aya yake yenyewe, na nikampelekea mkubwa. Hakukitazama. "Mnunuzi hataki shamba lenye minazi ya watu," alisema. "Usinimalizie wino."

Alhamisi mpwa akaja peke yake. Aliingia kwa mkubwa, wakazungumza mlango umefungwa, kisha nikaitwa.

"Mpe ile karatasi yake ya jana," mkubwa alisema. "Ile ya kwanza."

"Nyanya hajaweka kidole."

"Kidole kitapatikana," mpwa alisema, akatabasamu kwa heshima kabisa.

"Lakini muhuri unasema ameapa mbele yako," nilimwambia mkubwa. "Na hajaapa. Alikataa. Sote tulikuwapo."

Nadhani ndiyo siku ya kwanza aliyonitazama usoni. "Sisi kazi yetu tumemaliza. Watakakokwenda kuweka kidole ni shauri lao. Ama wewe wataka kunifundisha? Mtihani wa kuingia umekushinda, huu wangu utauweza?"

Mpwa akacheka kidogo, si sana.

Nilimpa. Nilifungua droo nikaitoa kwa mkono wangu, nikamkabidhi. Nimejaribu mara nyingi kuisimulia sehemu hii kwa njia nyingine: kwamba alininyang'anya, kwamba mkubwa ndiye aliyeitoa. Nilimpa mimi. Hata sikukumbuka kuishika katikati. Niliishika pembeni, pale palipolowa, na unyevu ule ukanibaki kidoleni. Nikaenda kunawa nikashindwa kufungua bomba, nikasimama tu naitazama sinki, iliyokuwa na masalio ya majani ya chai na unywele mmoja. Nilikuwa nimemchukia mkubwa kwa miezi minane. Siku ile nilimwelewa. Yeye hakuanza kwa kulamba kidole. Alianza kwa kumpa mtu karatasi.

Jioni hiyo, katika chumba changu cha kupanga, niliamua kwamba sitarudia mtihani. Sababu zilikuwa nzuri mno. Kazi hii ni chafu, inachafua watu, mimi sitaki kuchafuka. Niliziandika hata kwenye daftari, zikasomeka vizuri. Kisha, kwa kuwa sina akili ya kuacha jambo lilipokwisha, nikazisoma tena, na nikaanza kuzishuku. Zilikuwa zinanifaa kupita kiasi. Mwoga aliyepata sababu ya heshima ya kutokwenda Nairobi, si mwoga tena. Ni mtu mwenye msimamo. Nikaona hilo nalo linanuka. Nikaufunga ule ukurasa wa kujiandikisha kwa mara ya ishirini, sijui nimeamua au sijaamua.

Ijumaa niliomba ruhusa ya kuwahi nyumbani. Nilipofika Gazi nikashuka. Sikuwa nimepanga, au niseme nilikuwa nimepanga na kupangua tangu alfajiri. Nikauliza nyumba ya bibi mwenye shamba la bondeni, nikaonyeshwa. Nilimkuta uani anapepeta mchele.

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Kwamba mpwa amechukua karatasi, kwamba ina muhuri, kwamba wanatafuta kidole cha kuweka.

Ungo ulisimama. "Nani alimpa?"

"Mimi, nyanya."

"Kwa mkono huo?"

"Kwa mkono huu."

Aliutazama mkono wangu kwa muda mrefu, na mimi nikautazama, kana kwamba ni kitu nilichobeba njiani. Ningefurahi kama angenitukana. Akaweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka amejifunga leso ya pili.

"Haya. Beba mkono huohuo twende."

Mwenye minazi alikuwa kwenye mikoko. Yeye na wanawake wenziwe wana kitalu cha miche wanayoipanda ufuoni, na maji ya bahari yalikuwa yamekupwa, kwa hiyo tulimfuata hukohuko. Nilivua viatu. Tope la mikoko lilinifika karibu na magoti, jeusi, lenye harufu ya mayai yaliyooza. Alikuja kwetu akiwa na tope hadi mapajani, mwanamke wa rika la mama yangu, mwenye sauti kubwa.

"Kuna msiba?" aliuliza.

"Hakuna. Minazi yako inauzwa," bibi alisema.

"Inauzwa na nani?"

"Na mpwa wangu. Na huyu hapa alimwandikia."

Yule mwanamke akanitazama kuanzia kichwani hadi topeni. "Na umemleta wa nini? Nimzike?"

"Aandike nyingine."

Tulikwenda kukaa barazani kwake. Nilichana karatasi mbili katikati ya daftari langu, zile karatasi zilizokuwa zikifuatia sababu zangu za jana, nikaandika kwa kalamu, kwa Kiswahili, barua kwa ofisi ya ardhi. Kwamba mwenye shamba hajaapa popote. Kwamba karatasi yoyote itakayoletwa yenye kidole, kidole hicho si chake. Kwamba minazi tisa ya upande wa bondeni ina mwenyewe, na ametajwa hapa chini. Niliisoma kwa sauti. Bibi alinisimamisha mara mbili: mara moja niliandika "takriban minazi tisa", akaniuliza takriban ya nini, kwani hesabu inanishinda, mara ya pili niliandika kwamba mpwa ni mwongo, akasema hilo nilitoe, ni mtoto wa nduguye, atamwambia mwenyewe. Ile "hata hivyo" niliyoipenda sana sikuiandika hata mara moja. Barua ilikuwa ya mistari kumi na mmoja.

Mwenye minazi alitia saini kwa jina lake zima. Bibi alijipaka wino wa kalamu kwenye kidole gumba, akakikandamiza, akaangalia kama michirizi imetokea vizuri. Tulikubaliana kwamba Jumatatu watapanda Kwale wenyewe kuifikisha, na mimi nitakuwa nao. Nilijua maana yake. Ofisi ya ardhi na ofisi yetu zinatazamana. Mkubwa angetuona dirishani. Nilikuwa nimejifuta kazi na sikuwa nimekaa kulifikiria hata dakika moja.

"Sasa hii ina nguvu?" aliuliza mwenye minazi, akiipunga barua ikauke.

"Itapokelewa. Watasimamisha mambo kwanza. Lakini wakilipeleka shauri mbele, mtahitaji wakili wa kusimama nanyi."

"Si wewe?"

"Bado," nikasema.

Ningeweza kusema si mimi. Ningeweza kusema nilianguka, au kwamba nimeacha mambo hayo, nilikuwa na sababu nimeziandika, zilikuwa palepale kwenye daftari. Neno lilitoka kabla sijalikagua. Bibi wala hakuinua kichwa. Kwake lilikuwa jibu la kawaida, kama mtu aliyeulizwa kama wali umeiva. Mimi lilinishtua. Nilitazama saa. Saa kumi na nusu.

Nikatoa simu, nikafungua ule ukurasa. Mtandao wa Gazi ulikuwa ukija na kuondoka. Nikajaza jina, namba ya kitambulisho, karatasi ninayoirudia. Waliuliza kama niliwahi kuufanya mtihani huu, nikaandika mara moja. Waliuliza matokeo, nikaandika. Mwishoni palikuwa na kisanduku: ninathibitisha kuwa nimeyasoma masharti yote na kwamba niliyoyasema ni kweli. Nikafungua masharti. Yalikuwa kurasa kumi na nne za herufi ndogo.

Kinyaa hakikuwa kimeniisha. Nilipofikiria ile bafu, yale mayai, miaka ya kukaa karibu na watu kama mkubwa na kuitwa mwenzao, nilitamani kwenda kunawa vilevile. Sikuwa na hakika kwamba nitapita, na sikuwa na hakika kwamba nikipita nitakuwa bora kuliko yeye. Nilichokuwa nacho ni kurasa kumi na nne na dakika ishirini na tatu.

"Wasoma nini muda wote huo?" mwenye minazi aliuliza. Alikuwa amekwisha kunawa na kuteleka chai.

"Masharti ya kurudia mtihani."

"Si ubonyeze tu? Watu wote hubonyeza."

"Mwache asome," bibi alisema.

Nilisoma. Ukurasa wa tisa mtandao ulikata, ukarudi. Saa kumi na moja kasoro dakika sita nilifika mwisho, nikatia alama kwenye kisanduku, nikabonyeza.